Kengele Isiyopigwa kwa Orinda

Dakta Lemuel Wadleigh hakuomba kwenda barazani. Wanaume wa Kenniston walikaa kwenye ukumbi wa mji, wakatazamana, wakaona hapana mtu mwingine ambaye kila mmoja wao amewahi kumtolea ulimi nje. Enos Crockett, mpiga kengele wa kanisa letu, ndiye aliyelisema.

"Huyu ametuona matumbo na migongo," alisema. "Sisi tutamdanganya nini? Na yeye atatudanganya nini?"

Wakacheka, wakanyoosha mikono, ikawa daktari wetu ndiye mwakilishi wetu katika baraza la kutunga sheria la jimbo.

Mimi nilikuwa nikitunza nyumba yake. Mume wangu alizama mtoni akisukuma magogo, barafu ilipoanza kuyeyuka, na hatukuwa na mtoto. Majira ya baridi yaliyofuata mke wa Dakta alifariki katika uzazi, nikaitwa kumwosha, kwa kuwa kazi ya kuosha maiti niliijua tangu kwa mama yangu. Nilimwosha, nikamvika, nikachukua shali yangu niondoke, na kile kitoto kikalia. Nikarudi kukiinua. Sikuondoka tena. Kitoto hicho ndicho Orinda.

Baraza lilikutana kila mwaka kuanzia Januari hadi Machi, mashamba yakiwa yamelala chini ya theluji. Alikwenda mwaka wa kwanza, akarudi na hadithi za kuchekesha. Mwaka wa pili, vita vya Kusini vilikuwa vimepamba moto na dondakoo lilikuwa limeingia vijiji vya chini ya mto. Ugonjwa huo hauhitaji kuelezwa kwa aliyeuona. Koo la mtoto huota ngozi nyeupe, kama utando wa maziwa yaliyopoa, na mtoto hukosa pumzi huku anakutazama.

Dakta alikuwa na desturi yake. Alipoitwa kwa mtoto mgonjwa wa koo, kabla hajafungua mkoba aliuliza, "Wiki iliyopita alikwenda msiba wa nani?" Watu walimwona ana kichaa kidogo. Lakini kila nyumba ilikuwa na jibu. Huyu alikwenda kwa binamu yake. Huyu alimbeba mwenzake wa shule.

Kwetu mtoto akifa, wenzake wa darasani ndio humbeba. Sita, waliovaa nyeupe, kila mmoja na glavu nyeupe anazopewa na wafiwa akaenda nazo nyumbani ziwe ukumbusho. Jeneza linawekwa wazi sebuleni, watu wote wanapita, na wale sita humbusu mwenzao kabla halijafungwa. Ndiyo heshima ya mtoto. Mtoto asiyebebwa na wenzake, watu wataulizana kuna siri gani katika nyumba ile.

"Bi Thirza," Dakta aliniambia Desemba ile, amekaa jikoni na karatasi zake kwa sababu ofisini kulikuwa na baridi, "ugonjwa huu hautembei peke yake. Sisi ndio tunaubeba. Tunauvalisha nyeupe na kuuimbia nyimbo."

"Dakta, usiseme hivyo. Mazishi ni kazi ya huruma."

"Ndiyo. Ndiyo maana hakuna atakayenisikiliza."

Alikuwa akiandika mswada. Ulikuwa mfupi, hata mimi niliyesoma shule ya kijiji miaka minne niliuelewa. Mtoto aliyekufa kwa dondakoo azikwe siku hiyohiyo, jeneza likiwa limefungwa, bila mkusanyiko, wala asibebwe na watoto.

Asubuhi ya kuondoka, farasi wamekwisha kufungwa kwenye gari la kuteleza, alisimama mlangoni na kofia yake ya manyoya.

"Orinda asiende msiba wowote. Awe wa nani, awe wa wapi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Niahidi."

"Naahidi, Dakta. Nenda, farasi wanapata baridi."

Orinda alikuwa na miaka kumi. Alimkimbilia akamtia tufaha mfukoni, akamwambia, "Ukiwa na hasira na wale wazee wa barazani, uma hili kwanza ndipo useme." Akaondoka akicheka.

Wiki tatu baadaye gazeti lilifika dukani kwa Bwana Haskell. Lilikuwa limeandika habari za mswada, na Bwana Haskell, ambaye kiti cha barazani alikuwa akikitamani, akausoma kwa sauti kwa kila aliyekuja kununua chumvi. Kwenye mkutano wetu wa kushona mablanketi hapakuwa na habari nyingine.

"Daktari wetu anataka tuzikwe kama mbwa," alisema mmoja.

"Mbwa wangu nilimlilia mchana kutwa," akajibu mwingine. "Mbwa ana nafuu."

"Dada Thirza, wewe unayempikia, unamtia nini kwenye chai?"

"Namtia maji," nikasema. "Nawe ungejaribu, chai yako ni lami."

Walicheka, nami nikacheka, lakini niliinamia sindano yangu. Nilikuwa na aibu kwa ajili yake. Nasema kweli mbele za Mungu, siku ile nilimwonea aibu.

Kisha Lovisa Tibbetts akafa. Alikuwa rafiki wa Orinda, wakikaa benchi moja. Aliugua Alhamisi na Jumapili hakuwepo, na daktari wetu yuko mji mkuu, mwendo wa siku mbili. Niliitwa kumwosha, nikaenda. Dondakoo mara nyingi huwaruka watu wazima, nami nilinawa kwa siki kama Dakta alivyonifundisha.

Keziah, mama yake, alinifuata kwetu kesho yake. Hakubisha hodi. Alisimama jikoni na theluji kwenye viatu, akaweka juu ya meza glavu ndogo nyeupe.

"Nimepata watano," alisema. "Wa sita ni Orinda."

"Keziah, mwenzangu, Dakta alikataza."

"Dakta hayupo. Wangu alipokuwa akikosa pumzi, Dakta alikuwa wapi? Alikuwa huko akiwaambia watu wasituzike." Hakupandisha sauti. "Lovisa alimtaja Orinda mpaka mwisho. Wewe umemwosha mwanangu kwa mikono yako, dada. Sasa utaniambia ni mchafu, asiguswe?"

Orinda alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala la chakula. Alikuwa amesikia yote.

"Shangazi Thirza," alisema, "upande mmoja utabaki bila mtu. Wataliinamisha."

Nalisikia neno hilo hadi leo. Wataliinamisha. Mtoto alikuwa akifikiria jeneza la mwenzake litakwenda mrama kwa kukosa mkono wa sita.

Niliomba. Nilisimama palepale jikoni nikaomba kimoyomoyo, kisha nikajiambia kwamba Mungu hawezi kumwadhibu mtoto kwa kazi ya huruma. Lakini Mungu alikuwa amekwisha kunijibu tangu Januari, kwa kinywa cha Dakta, pale mlangoni. Mimi nilikuwa nikiomba jibu la pili.

Nilimvika Orinda gauni lake jeupe. Alimbeba Lovisa bila kuteleza hata mara moja. Na kabla ya kifuniko, alimbusu.

Barazani, siku hizohizo, mswada ulisomwa. Dakta alinisimulia baadaye, kwa maneno machache. Alizungumza nusu saa. Alipomaliza, mzee mmoja kutoka pwani akasimama, akasema yeye amezika watoto watatu na amewabusu wote watatu, na kama mheshimiwa daktari anataka kuleta askari sebuleni kwake, na amlete. Watu walipiga meza. Wengine walikuwa wakilia. Kura za kukubali zilikuwa kumi na nne.

"Hawakuwa watu wabaya, Bi Thirza," alisema. "Wangekuwa wabaya ningejua la kufanya."

Alifika nyumbani Jumamosi mchana. Nilikuwa nimempelekea habari kwa simu ya waya kwamba Orinda anaumwa koo, bila kusema zaidi. Alipanda ngazi na koti lake la safari, theluji mabegani. Nilimsikia anamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, bibi mkubwa, nitolee ulimi." Hakuniuliza swali lake la siku zote. Nilisimama chini ya ngazi na beseni mkononi, nikingoja aniite aniulize msiba wa nani. Hakuniita.

Alimpangusa koo, akamfukizia mvuke wa chokaa, akafanya yote aliyoyajua. Siku ya Jumanne asubuhi, jua limekwisha kupanda juu ya theluji, Orinda alinitazama mimi, akamtazama babake, akaacha kupumua.

Dakta alishuka, akamwita Enos Crockett.

"Usipige kengele," alimwambia.

Enos alidhani hakusikia vizuri. Kwetu kengele ndiyo inayotangaza. Mara tisa ni mwanamume, mara sita ni mwanamke, mara tatu ni mtoto; kisha kwa kila mwaka aliouishi, pigo moja. Watu huacha kazi wakahesabu, na kabla ya pigo la mwisho wamejua ni nani.

"Dakta, hata mgeni aliyekufa hotelini nilimpigia."

"Ukipiga watakuja. Wakija watataka kuingia. Enos, nakuomba. Sikuamuru, nakuomba."

Enos alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Nimempigia mama yake," alisema. Machozi yakamtiririka kwenye ndevu. Lakini hakupiga.

Habari hazihitaji kengele. Kabla ya saa sita mchana walikuwa langoni, pengine watu sitini, wengine wamebeba sahani za maandazi ya nyama zilizofunikwa kwa taulo. Walikuwa wakimpenda Dakta. Nataka hilo lijulikane. Walikuwa wamemkasirikia kwa ajili ya mswada, na sasa msiba ulikuwa umewapa njia ya kumsamehe, nao walikuja mbio kuitumia. Mbele yao walisimama wasichana sita wa shule, magauni meupe yakionekana chini ya mashali, pua nyekundu kwa baridi. Mwalimu ndiye aliyewachagua. Keziah Tibbetts alikuwa amewashonea utepe usiku kucha.

Dakta alitoka kizingitini, akafunga mlango nyuma yake.

"Lemuel," alisema Keziah. Hakuwahi kumwita hivyo. "Wangu alibebwa na wako. Wako atabebwa na wetu. Tufungulie."

"Rudisha watoto hawa nyumbani, Keziah."

"Tumekuja kukuheshimu."

"Najua."

"Basi unatuona sisi mbwa, tusiingie?"

"Nawaona watoto sita," Dakta alisema. "Nawaona wazima. Warudishe nyumbani wakiwa wazima."

Bwana Haskell alisema kwa sauti, ili watu wasikie, "Sheria yake imekataliwa barazani, anakuja kututungia hapa langoni."

Dakta alizidi kuwatazama wale wasichana. Nilikuwa nyuma ya pazia, namwona mgongo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kitasa kwa nyuma, umekuwa mweupe, kama mtu anayezuia upepo usiufungue mlango. Nilidhani atafungua. Nilitamani afungue. Mwanangu, maana alikuwa mwanangu, alikuwa amelala mle ndani nimemchana nywele zake, na kwa siku moja ya maisha yangu nilitaka mji wote umwone.

Hakufungua. Msichana mdogo kuliko wote alianza kulia, na mama yake akamshika mkono, akaondoka. Kisha wengine. Sahani za chakula waliondoka nazo. Ni moja tu iliyobaki, juu ya nguzo ya lango, na hiyo nadhani ilisahauliwa.

Tulimpeleka watatu. Dakta mbele, Enos nyuma, mimi nimeshika ubavu. Ardhi yetu Februari ni jiwe, haichimbiki. Maiti wote hungoja kwenye kile chumba cha mawe kando ya makaburi mpaka theluji iyeyuke. Tukamweka humo. Jeneza liliinama upande wa mkono wangu, kwa kuwa tulikuwa watatu, nami nikakumbuka neno lake, nikauma shali yangu nisipige kelele.

Mwezi wa Mei ardhi ililegea. Dakta alibandika tangazo kwenye mlango wa kanisa kwamba Orinda atazikwa Ijumaa, na kwamba hatari imepita, anayetaka kuja na aje. Alivaa koti lake zuri. Alikuwa ameniambia nioke keki mbili, na nilioka.

Hakuja mtu. Mchungaji alisoma, Enos alishusha kamba, mimi nikaimba peke yangu. Keziah alisimama ng'ambo ya ukuta wa mawe, barabarani, na kikapu, kama mtu anayepita tu. Alisimama mpaka udongo ulipokwisha kurudishwa. Hakuingia. Tulikula keki zile kwa wiki nzima.

Nilihesabu, kwa sababu ndiyo tabia yangu. Kabla ya Orinda walikufa tisa katika Kenniston, na saba kati yao walikuwa wamebeba au wamembusu mwingine. Baada yake walikufa wawili, na hao walikuwa wamekwisha kuugua. Kisha hakuna. Wale wasichana sita waliosimama langoni wote waliishi. Wawili sasa ni bibi. Sijawahi kumsikia mtu akilisema hilo kwa sauti, nami sikulisema, maana nani angenisikiliza, na ningelisemaje bila kusema la kwangu?

Septemba walimchagua Bwana Haskell. Dakta alipata kura thelathini na moja. Kwa mwaka mzima na zaidi watu walimwita daktari wa kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili, lakini mfupa uliovunjika haujui chuki, na mmoja mmoja walirudi kumtolea ulimi. Hawakumrudishia kile kicheko cha kwanza. Walimlipa, wakamshukuru, wakafunga mlango.

Sheria ile ilipita barazani baada ya miaka kumi na minne, kwa jina la mtu mwingine. Dakta aliisoma gazetini akiwa anakunywa chai. "Wameiandika vizuri kuliko mimi," alisema, akalikunja gazeti, akaliweka chini ya mguu mfupi wa meza.

Tulikaa nyumba moja miaka kumi na tisa baada ya Orinda. Kila siku nilimwekea sahani mbele, na kila siku nilijiambia leo nitasema. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Wangu mimi ulikuwa wa mawe, na nilidhani yeye hauoni.

Mwaka wa mwisho moyo wake ulianza kumchoka. Alasiri moja ya Oktoba tulikuwa jikoni tukimenya maharage, kwa maana mkoba hakuweza kuubeba tena na hakuweza kukaa bure. Nilisema bila kujiandaa.

"Dakta, mimi ndiye niliyemwacha aende kwa Lovisa."

Aliendelea kumenya. "Ndiyo."

"Uliniambia nikuahidi, nikakuahidi."

"Ndiyo, Bi Thirza. Zile glavu zilikuwa mfukoni mwa koti lake. Niliziona siku ileile niliyofika."

Maharage yalinimwagika. Yalitawanyika chini ya jiko, nami sikuinama.

"Miaka kumi na tisa ulijua. Kwa nini hukunifukuza?"

"Nani angepika?" alisema. Kisha akaona uso wangu, akaacha utani. "Mtoto wa Keziah aliugua siku tatu, akafa bila daktari. Daktari alikuwa akipiga hotuba. Wewe ulivunja ahadi moja. Mimi nilikuwa nimeahidi mji mzima kwamba wakiniita nitakuja. Ningekufukuza kwa uso gani?"

"Ulikwenda kuwaokoa wengi."

"Kura kumi na nne," alisema. "Inama, okota maharage, yataliwa na panya."

Niliinama. Nililia chini ya meza kama mtoto, na yeye aliniacha nilie, akimenya.

Alifariki Novemba, mchana, kwenye kiti chake. Nilimwosha mwenyewe. Glavu nilizikuta kwenye saraka ya kitanda chake, zimekunjwa pamoja, nikazitia mkononi mwake. Kisha nikaenda kwa Enos, ambaye sasa alikuwa mzee mno na kamba ya kengele ilikuwa ikivutwa na mkwewe, lakini kwa Dakta alisema atavuta yeye.

"Tisa, na sabini na moja," alisema. "Nitapumzika katikati, anisamehe."

"Ukimaliza, Enos, usiiachie kamba. Kuna nyingine."

Alinitazama. Nikamwambia, "Tatu. Kisha kumi."

Enos alivua kofia. "Sasa inaruhusiwa?" aliuliza.

"Sasa inaruhusiwa."

Nilisimama kwenye ngazi za kanisa. Tisa zilipigwa, kisha sabini na moja, na watu walikuwa wakijua tangu pigo la hamsini, niliwaona wakivua kofia. Wakaanza kurudi makazini. Ndipo kengele ikalia tena, mara tatu.

Milango ilifunguka upya. Mwanamke mmoja alitoka mbio, akawaita watoto wake waliokuwa uani, akiwahesabu. "Ni mtoto?" waliulizana kutoka ua hadi ua. "Mtoto wa nani? Nani ana mtoto mgonjwa?"

Keziah Tibbetts alitoka kizingitini kwake, ng'ambo ya barabara, mikono ina unga hadi viwiko. Hakuuliza mtu. Mapigo ya miaka yalipoanza, alikunja kidole kimoja kwa kila pigo. Vidole vyote kumi vilipokwisha na kengele ikanyamaza, alibaki ameishika ile mikono mbele yake imefumbwa, akaketi polepole kwenye ngazi, kwenye baridi, bila shali.